Ratili ya Nyama, Kati ya Korogwe na Handeni



Wapendwa wasomaji, baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa utani na wengine kwa dhati, padre hufanya nini siku ya Jumatatu, ambayo kwa wengi wetu ndiyo siku ya mapumziko. Jibu langu ni fupi. Ninayo mazoea mawili ya tangu zamani: kutembea katika miji midogo, na kusoma vitabu vya kale vya Waingereza. Nikipata siku nzima iliyo yangu, napanda basi hadi Korogwe au Handeni, nikiwa na kitabu kimoja ndani ya mkoba. Natembea mpaka jua linapokuwa kali, kisha natafuta kivuli na kikombe cha chai, nafungua ukurasa nilipoishia.

Wapo wanaoona kwamba mambo hayo mawili hayana undugu. Mji ni vumbi, kelele za bodaboda na bei ya nyanya. Kitabu ni Venisi na London, na watu waliokwisha kulala makaburini karne nyingi zilizopita. Mimi nimeona kinyume chake. Kitabu kizuri kilichoandikwa mbali hunionyesha mji ambao nilidhani nimekwisha kuujua. Na mji nao hukipima kitabu, hunionyesha ndani yake lipi ni kweli ya binadamu wote na lipi ni pambo tu. Juma hili napenda niwashirikishe mfano mmoja, kwa kuwa unagusa jambo linaloumiza nyumba nyingi katika jumuiya zetu.

Kitabu chenyewe ni tamthilia ya Shakespeare ya mwishoni mwa karne ya 16, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kisa chake kilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1867, huko Unguja, mmisionari wa Kianglikana Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Humo alisimulia kwa Kiswahili visa vya Shakespeare, akivichota katika kitabu cha Charles Lamb na dada yake Mary, na kisa cha mfanyabiashara wa Venisi kilikuwa kimojawapo. Miaka 102 baadaye, yaani mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa ni Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya tamthilia nzima. Jina la Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliandika Mabepari, kwa wingi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na sidhani kwamba wingi ule uliingia kwa bahati. Msomaji anaambiwa tangu jaladani kwamba asimtafute mwenye hatia mmoja, bali autazame mji mzima unavyoishi kwa fedha.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Bassanio anataka kwenda kumposa Portia, binti tajiri, lakini hana fedha. Rafiki yake Antonio ana mali nyingi, ila mali yote iko baharini ndani ya majahazi yake. Basi Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi ambaye siku zote amekuwa akimtukana na kumtemea mate. Shylock hadai riba. Anasema, kana kwamba ni mzaha, kuwa Antonio akishindwa kulipa katika miezi mitatu, basi atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Antonio anacheka, anatia sahihi. Habari zinakuja kwamba majahazi yamezama, muda umepita, na Shylock anaingia barazani na kisu chake. Portia, aliyejivika mavazi ya mwanasheria, anamsihi awe na huruma. Shylock anakataa, anataka hati itekelezwe kama ilivyoandikwa. Ndipo Portia anapoisoma hati upya: nyama imetajwa, damu haikutajwa. Akate nyama, lakini asimwage hata tone moja la damu.

Nilipokisoma kisa hiki nikiwa seminarini, nilikichukua kama ngano. Nani duniani atakubali kuweka rehani nyama ya mwili wake? Jibu nilikuja kulipata Handeni.

Nilikuwa nikitembea Chanika, upande wa soko wa mji wa Handeni, ambako magunia ya mahindi hupangwa na watu wa kila kabila hukutana kununua na kuuza. Handeni ni nchi ya Wazigua, na ni nchi ambayo mvua zake si za kutegemewa. Mwenye kuketi na wazee wa huko atasikia habari za njaa kabla hajasikia habari za vita. Miongoni mwa njaa hizo ipo moja ya miaka ya 1830, ambayo wanahistoria wameiandika na ambayo wajukuu wa walioipata wameisimulia hadi leo. Ukame ulipozidi na ghala zikabaki tupu, watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Hawakuwa na fedha wala ng'ombe. Walichokuwa nacho ni miili yao na ya watoto wao. Wakakubali kwenda kufanya kazi kwa ajili ya chakula, wakipewa ahadi kwamba njaa ikiisha watarudishwa makwao. Wakapandishwa majahazi, na majahazi yakaelekea kaskazini, hadi pwani ya Wasomali. Huko waliuzwa wakawa watumwa.

Sikilizeni yaliyofuata, maana hayamo katika Shakespeare. Masimulizi ya Wazigua hao yanasema kuwa miongoni mwao alitokea mwanamke aitwaye Wanankhucha, mwenye maono, aliyewaongoza kutoroka utumwani wakiielekea nchi yao. Hawakufika. Walisimama katika bonde la mto Juba, wakafyeka msitu, wakalima, wakajilinda. Wakakaa humo zaidi ya miaka 150, na katika muda huo wote hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoivunja Somalia mwaka 1991, wengi wao walikimbilia Kenya, na wengine walikuja kwa njia ya bahari hadi Tanga. Serikali iliwapa hifadhi Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye makazi ya Chogo katika wilaya hiyohiyo. Na wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Vitukuu wa watu waliowekwa rehani kwa ajili ya mahindi walirudi katika ardhi ileile, wakawasalimu wenyeji kwa lugha ya babu zao, nao wakaitikiwa.

Tangu nilipoyajua hayo, siwezi tena kuisoma hati ya Shylock kama ngano. Venisi ya Shakespeare ilihitaji mwanasheria mwerevu ili nyama ya Antonio isikatwe. Wazigua wale hawakuwa na hati iliyoandikwa, wala baraza la kusikiliza shauri lao. Nyama yao ilichukuliwa yote, pamoja na damu.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni mwendo wa kilomita zipatazo 65. Barabara inateremka kuelekea bonde la mto Pangani, na ukishavuka mto umeingia katika mji mwingine kabisa kwa tabia yake. Korogwe ni mji uliokuzwa na reli na mkonge. Mwaka 1893, ambao ndio mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini, miche 62 tu ikiwa imefika hai, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Kampuni iliyojenga iliishiwa fedha ilipofika Muheza, Serikali ya kikoloni ikalichukua deni na reli yake, na njia ikafika Korogwe mwaka 1902, kisha Moshi mwaka 1911. Kampuni ilipofilisika hakuna aliyekatwa ratili ya nyama. Hilo nalo ni la kukumbukwa: deni la wakubwa hutafutiwa mtu wa kulibeba.

Wadogo mambo yao yalikuwa mengine. Ukitembea kutoka stesheni ya Korogwe kuelekea mashamba ya mkonge, ile mistari iliyonyooka ya majani yenye miiba, unatembea juu ya jasho la manamba. Hao walikuwa wafanyakazi walioandikishwa katika mikoa ya mbali, na hata katika nchi jirani, wakaletwa kwa mkataba. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kiingereza la namba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30: siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Aliyeugua siku tano alizidi kuwa mbali na mshahara wake siku tano. Na wengi hawakuja kwa kupenda mkonge. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza nao wakaendelea kutoza kodi, na kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mtu asiye na fedha alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza.

Kitabu kilichonisaidia kuiona Korogwe hiyo ni kingine, riwaya ya Charles Dickens iitwayo Little Dorrit, iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1855 na 1857. Inasimulia habari za mzee mmoja aliyefungwa miaka mingi katika gereza la Marshalsea, London, kwa kosa la kudaiwa. Dickens hakuyatunga kutoka hewani. Mwaka 1824, yeye akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza hilohilo kwa ajili ya deni, naye mtoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Anachokionyesha mwandishi huyo ni upumbavu wa mfumo mzima: mdaiwa anafungiwa asiweze kufanya kazi, na hatafunguliwa mpaka alipe kwa fedha ambayo angeipata kwa kufanya kazi. Kadiri anavyokaa ndivyo anavyozidi kuzoea kuta, hata mwisho anaanza kujivunia kuwa yeye ndiye mkongwe wa gereza. Hapo ndipo penye jeraha. Deni refu haliishii mfukoni. Huingia katika roho ya mtu likambadilisha namna ya kujiona.

Wapendwa, sikuandika haya yote ili niwasimulie ya kale. Leo hii, katika soko la Manundu pale Korogwe na katika soko la Chanika, mwulizeni mama yeyote anayeuza mboga maana ya maneno kausha damu. Hatawatafsiria, atacheka kidogo, kisha atanyamaza. Ndilo jina ambalo watu wetu wameipa mikopo midogo ya haraka inayotolewa mitaani, ya kulipwa kila siku au kila juma. Dhamana yake ni kochi, godoro, friji, au kadi ya benki ya mwalimu na mstaafu, ikikabidhiwa pamoja na namba yake ya siri. Aliyewahi kulitamka jina hilo mara ya kwanza yamkini hakuwahi kumsoma Shakespeare. Hata hivyo alisema jambo ambalo Portia alilisema barazani: kwamba hakuna namna ya kukata nyama ya mtu damu isimwagike.

Sitasimulia habari za mtu yeyote, kwa sababu anayemfungulia padre moyo wake hastahili kujikuta katika maandishi. Nitasema tu kwamba nimeona nyumba ambazo mume aligundua deni siku godoro lilipobebwa. Nimeona wanawake walioacha kuja kanisani kwa kuwa mdai husali kanisa hilohilo. Nimeona mtu anakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili amlipe wa pili.

Tuchukue mfano ulio mwepesi. Mama anakopa shilingi 100,000 na kutakiwa arudishe 130,000 baada ya mwezi. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani watu binafsi na kampuni zisizopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mama huyo angerudisha 103,500. Tofauti ya shilingi 26,500 ndiyo ratili ya nyama. Na wasiokopa mtaani hukopa katika simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali.

Maandiko Matakatifu hayakulinyamazia jambo hili. Someni sura ya tano ya kitabu cha Nehemia, mtadhani imeandikwa kwa ajili ya Uzigua. Njaa imeingia; watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na kwamba wana wao na binti zao wanatiwa utumwani. Tena wanaowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwahubiria maskini wawe wavumilivu. Aliwakusanya wakopeshaji mbele ya watu wote, akawataka warudishe mashamba, nyumba na riba siku ileile. Nalo Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu mwenye kufanya hivyo amechukua uhai wa mtu. Cherehani ya fundi na jiko la mama lishe ndiyo mawe ya kusagia ya siku zetu.

Lakini kabla hatujamnyoshea kidole mkopeshaji, turudi Venisi mara moja tu. Shauri linapokwisha, wale Wakristo waliokuwa wakimsihi Shylock awe na huruma wanamnyang'anya mali yake na kumlazimisha abatizwe. Mtu anayeusoma mwisho huo na moyo wa Injili hawezi kuushangilia. Ubatizo wa kulazimishwa si huruma, na dharau waliyomtendea Myahudi yule tangu mwanzo ndiyo iliyonoa kisu chake. Waliidai huruma walipokuwa dhaifu, wakaisahau walipopata nguvu. Jina la Mabepari, kwa wingi, linawastahili wote. Nasi tujiulize: miongoni mwa wanaokopesha kwa riba ya kukausha damu, hakuna walio wanajumuiya wetu? Hakuna wanaotoa zaka nono Jumapili kutokana na godoro lililobebwa Ijumaa?

Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, hati isomwe kabla ya kutiwa sahihi au dole gumba. Antonio aliokolewa kwa sababu mtu aliisoma hati neno kwa neno, lakini aliisoma ikiwa imebaki dakika moja. Asiyejua kusoma amwendee mwenyekiti wa jumuiya au mtu mwingine amwaminiye, wala asione haya. Haya ya dakika kumi ni nafuu kuliko haya ya miaka miwili. Pili, jumuiya ndogondogo zenye vikoba ziviimarishe, ziandike hesabu zake wazi, zitenge kifungu cha dharura cha ugonjwa na ada ya shule, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo mtu hukimbilia kausha damu. Tatu, anayedaiwa asiachwe peke yake. Aliyezama hahitaji kusimuliwa jinsi ya kuogelea. Anahitaji mtu wa kwenda naye kwa mdai, kukaa naye mezani, kuomba muda na kuweka utaratibu wa kulipa. Jambo hilo wazee wa jumuiya wanaweza kulifanya, na nimeona likifanyika.

Na kwa vijana walioniomba orodha ya vitabu, nawashauri waanze na hiki. Nakala za Mabepari wa Venisi huonekana mara kwa mara kwa wauza vitabu vya mitumba. Msikisome chumbani tu. Kichukueni, nendeni nacho sokoni, keti karibu na wanaohesabu noti ndogondogo jioni wakigawanya ya mtaji, ya chakula na ya rejesho, kisha fungueni mahali Shylock anapoutaja mzaha wake. Jumatatu ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Korogwe. Atakayenikuta kivulini na kitabu anisalimu, akae, nitaagiza chai ya pili.